Jicho Halikupepesa

Weldon: Haloo, hapa ofisi ya shule. Nani anaongea?

Chepkemboi: Chamgei, Mwalimu Weldon. Ni Chepkemboi, dada ya Nelvine. Niko kibanda cha simu, Litein.

Weldon: Chamgei mising. Nelvine… yuko aje?

Chepkemboi: Yuko nyumbani. Mwalimu, kuna maneno ya jirani yetu, Mama Mongina. Anasema asubuhi, kukiwa na ukungu, alimwona Nelvine barabarani. Anakimbia.

Weldon: Nelvine wetu?

Chepkemboi: Na miguu miwili.

Weldon: Chepkemboi, ule mguu ulivunjika kwa mashindano, kidonda kikaoza, ukakatwa. Mimi nilikuwa hapo hospitali.

Chepkemboi: Ndiyo nilimwambia. Akasema, "Ile koti yake ya kijani naijua. Nimemsalimia, hakuitika." Sasa akipeleka maziwa anazunguka na hayo maneno mpaka kwa majirani kina Gekara—

Weldon: Mongina huyo ndiye aliona chui, ikawa mbuzi ya pasta.

Chepkemboi: Hata mimi nilicheka. Lakini leo nikaamka mapema, nikasimama katikati ya majani chai.

Weldon: Na?

Chepkemboi: Nikasikia miguu. Mmoja mzito, mmoja mwepesi. Koti ya kijani ikatoka kwa ukungu. Mwalimu— [Laini inakwaruza] Ni Joan.

Weldon: Joan mdogo wenu? Huyo nimempumzisha! Nilimbonyeza mfupa wa mbele wa mguu, akashtuka. Nikamwambia akae kwanza, na akirudi aanzie kwa nyasi, si lami—

Chepkemboi: Anachechemea na anakimbia.

Weldon: Lakini si nimewafundisha wote? Ukiumwa mahali pamoja kila siku, unaambia kocha. Kesho nafundisha hayo hayo makocha wa Roret, na watoto watakuwa hapo—

Chepkemboi: Nilimuuliza. Akasema, "Hayo Mwalimu anasema na mdomo. Anayempenda ni yule hapepesi jicho."

Weldon: Yule nani?

Chepkemboi: Ulisema paredi. Eti Nelvine anakimbia kama kijana wa tohara, anaumwa na jicho halipepesi. Shule yote ikapiga makofi.

Weldon: Ilikuwa kumpa moyo tu. Sisi wote tumelelewa hivyo, hata baba yako—

Chepkemboi: Najua.

Weldon: Sikujua mfupa umeanza kupasuka.

Chepkemboi: Mimi nilimwona usiku aking'ata blanketi. Nikanyamaza. Alikuwa amesifiwa, ningesema nini?

Weldon: Haloo? Unapotea.

Chepkemboi: Nasema kesho nitamleta Nelvine na magongo yake. Na Joan. Kabla hujaanza kufundisha, sema mbele ya makocha na watoto kwamba zile sifa zilikuwa mbaya. Useme wewe mwenyewe. Joan hatasikia mwingine.

Weldon: Mbele ya makocha wa Roret…

Chepkemboi: Mbele yao.

Weldon: Ngoja kidogo, mwalimu mkuu anataka simu—

Chepkemboi: Hata sarafu yangu imeisha, inalia hapa. Mwalimu, utasema?

[Laini inakwaruza]

Chepkemboi: Nasikia unapumua. Utasema?