Tulivyoufunga Mlango wa Nje wa Ghala la Mizinga

Baba yangu aliitwa Ntabaye, mrina asali wa Kitanga, na mama yangu aliitwa Sabuhoro, aliyeolewa kutoka upande wa Kabanga. Mimi nilizaliwa Kitanga, nikahamia Kibondo nikiwa kijana kwa kufuata misitu yenye nyuki, na huku ndiko nilikozeekea. Shule sikuiona. Maneno haya yanaandikwa na mjukuu wangu kama ninavyoyatamka, naye ndiye anayewasomea hapo Kasulu, kwa sababu kifua changu kimeikataa safari. Nimemwonya asiongeze neno la kunipamba. Akiongeza mtamtambua, kwa maana mimi sijipambi.

Ndugu zangu wa vikundi vya nyuki, mmeagiza kila kikundi kishuhudie lililokiangusha na namna kilivyoinuka. Letu ninalo. Jina la mtu sitalitaja, awe mwema au mbaya.

Nyinyi mnaorina mnaijua desturi yetu. Mzinga hauonyeshwi. Shemeji yako humwonyeshi, rafiki yako humwonyeshi, na wewe mwenyewe unapokwenda kuutazama hupiti ulipopita juzi, ili nyasi zisilale zikawa kijia. Baba yangu alinichapa kwa sababu ya kijia. Tangu siku hiyo nimeishi nikiamini kwamba pasipo na kijia hapafikiki. Msituni imani hiyo ni kweli. Nawaambia mapema kwamba mahali pengine ndiyo iliyotuangusha.

Mnunuzi wetu alitaka kila ndoo ya asali ijulikane imetoka mzinga upi, kwa kuwa wateja wake wa mbali huuliza. Tukamwita binti mmoja wa hapa kwetu, aliyesomea kompyuta akarudi nyumbani, akatutengenezea tovuti. Tovuti hiyo haikai Kibondo. Inakaa kwenye kile wanachokiita wingu, yaani kompyuta za wengine, zilizo katika majengo ya mbali, ambazo sisi tunazikodi. Ina sehemu mbili, na naomba mzishike vizuri kwa sababu habari yote imo humo. Ya kwanza ni sebule. Mnunuzi huingia hapo, akaona asali ya kata gani, imerinwa msimu gani. Ya pili ni ghala. Humo mna kila mzinga, mti uliobeba mzinga huo, na mahali penyewe msituni kama simu inavyopapima. Mgeni akiuliza jambo sebuleni, sebule hulichukua ghalani, ikamwonyesha yale tu yanayomhusu.

Binti alitueleza tangu mwanzo. Alisema, "Wazee wangu, ghala hili lina anwani yake lenyewe kwenye mtandao wa wazi. Mtu anaweza kulifikia bila kupita sebuleni. Nipeni muda nilifungie ndani."

Sisi wazee tukamuuliza, "Anwani hiyo ameambiwa nani?"

"Hajaambiwa mtu."

"Basi hakuna kijia," tukasema, na tukaona tumemaliza. Tukamtaka pia aweke neno la siri ambalo hatutalisahau.

Msimu wa kurina ulipofika, tulikuta mizinga imeangushwa. Mingine ilikuwa imepasuliwa kwa shoka, mingine imechomwa moto pamoja na nyuki wake, masega yameondolewa. Kilichotutia hofu hakikuwa moto. Wezi hawakutangatanga. Hapakuwa na tawi lililovunjwa kwa kutafuta, wala mti mtupu uliopandwa kwa kubahatisha. Walikwenda kwenye mzinga, wakatoka, wakaenda kwenye unaofuata.

Tukakaa kikao. Mmoja akasema huyu mwizi ni wa ndani. Mwingine, aliyekaa nyuma, akasema, "Wa ndani tunafahamiana. Waliokuja jana ndio wasio na uchungu na msitu huu."

Vichwa vyote vikamgeukia ndugu yetu mmoja aliyekulia kambi ya Mtabila, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi. Ni raia kama mimi, na kwa ufundi wa mizinga alitupita wengi. Akasimama.

"Jana ipi?" akauliza. "Watoto wangu wamezaliwa Kabanga. Ubwabwa wa ubatizo wao mlikula nyote, na wewe uliyesema ulikula sahani mbili."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua bomba lake la moshi na kofia yake ya wavu, akasema, "Mtakapomjua aliyeiba, njooni mniambie. Hadi siku hiyo msiniite ndugu." Akatoka. Baadhi wakasema wazi kwamba watamfuata wakiache kikundi, wengine kwamba afadhali ameondoka. Ndugu zangu, hapo ndipo kikundi chetu kilipokuwa kinakufa. Mizinga huchongwa mingine. Watu walioacha kuaminiana sijui huchongwa wapi.

Kesho yake binti alinijia nyumbani, akaniomba nifuatane naye hadi Kasulu, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu anayeuza simu na kompyuta. Akamwamkia, akaomba kutumia kompyuta yake, kisha akanigeukia.

"Babu, huyu bwana ni mwanachama wetu?"

Kabla sijajibu, mwenye duka akasema, "Mimi nyuki nawaogopa, mzee wangu. Asali naijua ikiwa chupani."

Binti akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mizinga yetu ikatokea mbele yangu kwenye kioo. Wangu wa kule mtoni ulikuwamo, ambao hata mwanangu mkubwa hajapata kuuona. Alinisomea jina la mti. Nikaomba kiti.

"Nani aliyewapa watu anwani?" nikauliza.

"Hakuna, babu. Kwenye mtandao kuna mashine zinazozunguka mchana na usiku, zikigonga kila anwani iliyopo duniani. Hazifuati kijia. Zikikuta mlango, zinaujaribu. Na neno la siri nililolijaribu mimi sasa hivi ni jina la kikundi."

"Nani aliliweka?"

"Mlitaka lisisahaulike," akasema kwa adabu, na mwenye duka akajifanya anapanga chaja.

Aliyeiona mizinga yetu kwanza na aliyekuja na shoka huenda hata hawajuani. Hatujui hadi leo. Lakini niliondoka dukani nikijua kwamba ndugu yetu wa Mtabila hakuhitajika ili sisi tuibiwe. Mlango wetu ulikuwa barabarani, nasi tulikuwa tunatafuta mwizi jikoni.

Binti akaeleza dawa yake mbele ya kikundi, akaieleza kwa mfano wa urugo, ule ua wa nyumba wa Kiha, ili sote tuelewe. Alisema atajenga ua ndani ya wingu, uliojengwa kwa maagizo badala ya miti. Wenyewe wanauita mtandao pepe. Sebule itabaki na mlango wa mbele kwa wageni, ila itatobolewa mlango wa nyuma unaoingia uani. Ghala litapewa anwani ya ndani, isiyofikika na mtu aliye nje ya ua. Kisha anwani yake ya nje itafungwa kabisa. Na sisi wenye mizinga, tukitaka kuongeza au kusahihisha, kila mmoja atapita kwa njia ya faragha kutoka simu yake, kwa ufunguo wake mwenyewe.

Nikamuuliza, "Neno la siri refu halitoshi?"

"Neno refu ni kufuli zuri, babu. Lakini mlango utabaki barabarani."

Akajenga. Alipomaliza ua na njia ya ndani, tovuti ilifanya kazi vizuri, na wengi wakasema yameisha. Yeye akasema bado, akaufunga mlango wa nje. Papo hapo sebule ikawa tupu. Ilifunguka, lakini haikuwa na mzinga, haikuwa na asali, haikuwa na msimu. Na mnunuzi alikuwa anakuja wiki hiyohiyo kuamua kama ataendelea nasi.

Katibu wa kikundi akanijia mbio. "Mzee, mwambie binti aufungue ule mlango kwa siku moja tu. Mnunuzi akiondoka tunaufunga."

"Hapana."

"Siku moja, mzee wangu."

"Waliochoma mizinga walihitaji siku ngapi?"

Mwingine akadakia, "Mzee huyu anataka tumzike na asali yetu."

"Nikizikwa na asali sitaoza upesi," nikamwambia. "Mlango haufunguliwi."

Msidhani sikuogopa. Niliogopa sana. Kama mnunuzi angetukataa, wangesema ni mimi, na wangekuwa na haki. Lakini nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha yule mwenye duka, nikasomewa mti wangu. Mtu aliyesomewa mti wake hafungui tena, hata kwa saa moja. Nikamwambia binti, "Kaa kwangu, ula, utafute kosa. Hakuna atakayekusumbua." Nikaweka kigoda changu mlangoni ili neno hilo liwe kweli. Mke wangu akampelekea ugali wa muhogo na maharage, na binti akala huku macho yapo kwenye kompyuta.

Siku ya pili yake akanyanyua uso. "Babu, nimeliona. Njia ya ndani niliijenga, lakini sebule haijawahi kuipita hata mara moja."

Nikamtaka aeleze polepole, akaeleza. Sebule huliita ghala kwa jina, halafu huuliza jina hilo linakaa wapi. Aliyekuwa akiijibu ni orodha ya majina ya nje, ile inayotumiwa na dunia nzima, nayo iliielekeza kwenye anwani ya nje. Orodha ya majina ya ndani alikuwa ameitengeneza, ila hakuiunganisha na ua. Kwa hiyo siku zote sebule ilikuwa inatoka mbele, inazunguka barabarani, inaingia ghalani kwa mlango uleule wa wezi. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, ilifika, nasi tukaamini kwamba imepita ndani.

Nikamuuliza, "Na kama tungeufungua mlango kwa ajili ya mnunuzi?"

"Ingefanya kazi, babu. Tungeshangilia, na pengine tusingeufunga tena."

Akaiunganisha orodha ya majina na ua, akaiwasha tovuti upya, na mizinga ikarudi sebuleni. Kisha tukaenda tena Kasulu kwa yule mwenye duka, kwa maana sikutaka kuambiwa, nilitaka kuona. Binti akajaribu kwa kila namna aliyoijua. Kioo kikasubiri, kikasubiri.

"Imegoma," mwenye duka akasema kwa masikitiko.

"Imegoma inavyotakiwa," binti akamjibu.

Mnunuzi alikuja, akatazama, akaendelea nasi. Lakini sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi. Kilichokwisha kutoka ghalani kimetoka, na mlango uliofungwa haukirudishi. Ilitubidi tuhamishe mizinga yote iliyosalia, mingine kwa baiskeli, mingine vichwani, na makundi kadhaa ya nyuki yalituhama njiani.

Tulikwenda pia nyumbani kwa ndugu yetu, sisi wazee wote, tukamwambia mbele ya watoto wake kwamba tulimkosea. Akasema, "Mmechelewa, ila mmekuja kwa miguu yenu. Kaeni." Chakula kilipoletwa akauliza, "Yule wa sahani mbili yuko wapi?"

"Nipo," yule akajibu kwa sauti ndogo.

"Wewe leo utakula moja."

Leo ndugu yetu huyo na binti ndio wanaotoa funguo za kuingia ghalani. Mwanachama akitaka ufunguo humwendea yeye, hata aliyemgeuzia kichwa siku ile.

Namshukuru binti, aliyetuvumilia tulipomjibu kijinga. Namshukuru mwenye duka wa Kasulu, aliyeyaona yetu yote na hakuyasema popote. Nawashukuru wanachama walionikasirikia wakaniacha nikae mlangoni. Namshukuru Mungu.

Kwenu wenye tovuti, na mnaojiandaa kuwa nazo, nasema hivi. Mambo yenu msiyafiche kwa kunyamaza tu. Huko mtandaoni hakuna nyasi wala kijia. Msiridhike kwamba njia mpya imejengwa. Ifungeni ya zamani, mvumilie kinachovunjika mpaka mjue kwa nini kimevunjika, kisha mmoja wenu asimame nje ajaribu kuingia.

Sasa nasema nawe, mjukuu wangu, na haya uyaandike na kuyasoma mbele yao. Kisu changu cha kurinia kitunze, ni chako. Ramani ya mizinga ya zamani uliyoniandikia ichome, hata kama ina mwandiko wako mzuri. Simu yangu itunze, na ufunguo uliomo usimpe mtu, hata mama yako akisema anataka kutazama tu. Mizinga mipya nitakuonyesha mwenyewe kifua kikiniruhusu. Kisiporuhusu, utaomba ufunguo wako kwa wale wawili kama mwanachama yeyote. Na siku nitakapozikwa, watu wakiwa bado hawajatawanyika, mwendee binti umwambie afute ufunguo wangu. Usisubiri arobaini, wala usiuache kwa kunikumbuka. Picha yangu itunze kwa kunikumbuka. Mlango wa mtu aliyekufa ufungwe siku hiyohiyo.