Chumba cha Mama Kimeonekana Mbali

Mwenzangu, kaa hapa nikupe, maana ya jana kijiweni bado yananitikisa. Kijiwe chetu unakijua: ubao mrefu umeegemea ukuta wa nyumba yetu, upande wa chumba alicholala marehemu mama. Muuza kahawa anaweka birika lake mwisho wa ubao. Anakaa Balozi, ambaye hakuna nchi iliyomtuma popote, alifua mashuka hotelini tu. Anakaa Betri, fundi simu. Nakaa na mimi, shangazi wa watu wote, watake wasitake. Jana akatoka mdogo wangu wa kike, yule fundi cherehani, simu mkononi, uso umemshuka. Chumba cha mama amekipaka rangi, amekishonea mapazia, kisha akakitangaza kwenye simu ili wageni wa nchi za mbali waje kulala. Hajaja hata mmoja. Na kaka yetu mkubwa, muuza saruji, alishatoa neno: Ijumaa ikifika chumba hakina mgeni, anaingiza mifuko yake humo. Na jana ilikuwa Alhamisi tayari.

— Lete hizo picha, — Betri akasema. Akazivuta kwa vidole. — Dada, mbona godoro lina nailoni?

— Ni jipya, — mdogo wangu akajibu. — Nikiitoa watajuaje kuwa ni jipya?

— Mgeni atalalaje juu ya nailoni? Atateleza mpaka kwao!

Mimi hoi. Kahawa yangu nusu imeishia kwenye khanga.

— Na hizi saa za ukutani, nne zote za nini?

— Majirani wamenichangia. Kila mmoja kaleta kitu kizuri cha kwake.

— Wote wakaleta saa?

— Sasa ningemrudishia nani, Betri? Na kesho nionane naye bombani?

— Lakini kila moja ina wakati wake!

Balozi akainua kidole.

— Ziacheni! Mapokezi ya hoteli yetu yalikuwa hivyo hivyo. Kila saa na nchi yake. Mgeni akiziona tu, anajua hapa wanapokea dunia nzima.

Jamani. Tukamwangalia Balozi kama ndiyo kwanza tumemwona.

— Nailoni toa, — akaendelea, kichwa kimeshavimba. — Tandika shuka jeupe. Jeupe kabisa! Mgeni wa mbali haamini rangi. Rangi kwake imeficha kitu.

— Na picha hupigi umesimama mlangoni, — Betri akadakia. — Unalala sakafuni pale kwenye kona, simu juu ya kifua. Chumba kinakua.

— Kinakua vipi? — muuza kahawa akauliza.

— Kinakua! Mimi chumba changu cha kazi kwenye picha unaweza kuegesha gari.

Basi wakaingia. Nailoni ikatoka, shuka likatandikwa, Betri akalala chini kama maiti. Aliporudi na picha, haki ya Mungu, nilishika mdomo. Kile chumba nilichozoea kupita kiubavu kimekuwa ukumbi! Jua limeingia dirishani limekaa kitandani kama mtu na adabu zake.

— Hiki ni chumba cha mama? — nikauliza.

— Hicho hicho, dada, — mdogo wangu akasema.

— Bado maneno, — Balozi akasema. — Andika: dirisha linatazama mlima.

— Mlima upi?

— Si hilo lundo la mchanga wa kaka yenu hapo nje?

— Balozi, mchanga ule mbuzi anapanda na kushuka!

— Na mlima mbuzi hapandi?

Ndipo kaka akatokea, futi ya kupimia mkononi. Hata salamu ya maana hakuna. Akaupima mlango.

— Mifuko itapita, — akasema.

— Kaka, Ijumaa haijafika, — mdogo wangu akamwambia.

— Sijaleta mifuko. Nimeleta futi.

— Keti unywe kahawa, uache kutisha watu, — nikamwambia. Mimi namfuata kwa kuzaliwa, simwogopi. Akaketi, lakini futi hakuiweka chini.

Mdogo wangu alikuwa ameshaandika. Ameandika kama anavyoongea: maji yapo, choo ni safi, ukiumwa tupo. Mlima kaukataa. Betri akabonyeza mahali, na maneno yale yakageuka, yakatoka na vikofia na vidoti juu. Lugha nyingine kabisa! Akabonyeza tena, yakawa kama nyayo za kuku.

— Na huko wanasoma kuwa choo chetu ni safi? — nikauliza.

— Wanasoma hivyo hivyo, shangazi.

Nikasikia mwili umenisisimka. Choo chetu, mwenzangu!

Birika halijazunguka mara ya pili, simu ikalia. Mtu ameandika. Mwanamke, mtu mzima, kwao bado hakujacha. Hebu fikiria: mtu yuko kitandani kwake gizani, upande wa pili wa dunia, anatazama ukuta ambao mama alikuwa anaegemeza mgongo. Betri akageuza maneno, akasoma:

— “Chumba ni kizuri sana. Je, hapo kuna utulivu?”

Tukaangalia ubao tuliokalia. Tukaangalia ukuta.

— Mwambie upo, — Balozi akanong'ona.

— Nimdanganye, na nyinyi mko sikioni pake? — mdogo wangu akasema. — Nyamazeni. Naingia na simu, namrekodia. Atakachosikia ndicho kilichopo.

Akaingia. Tukanyamaza. Mwenzangu, mara ya mwisho kunyamaza pale ukutani ni mama alipokuwa mgonjwa ndani. Nikasikia cherehani ya mtaa wa pili. Nikasikia mkaa unapasuka chini ya birika. Kaka amebana pumzi, futi ameikumbatia kama mtoto.

Mara nikasikia sauti kama ya bibi kizee aliyepaliwa na moshi. Ni kaka! Anacheka! Mtu ambaye tangu msiba hatujamwona jino. Mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Nami nikalipuka, na Balozi akalipuka, Betri yuko chini tena, muuza kahawa amekumbatia nguzo.

Mdogo wangu akatoka mkono kichwani.

— Imeenda! Yote, na vicheko vyenu! Kaka, umeniua!

Tukakaa tunafuta macho, hakuna wa kumtazama mwenzake. Simu ikalia. Betri akasoma, kisha akasimama wima.

— Amekichukua. Wiki mbili, anaanza Jumatatu. Amemaliza kulipa, imekubali, ona!

— Soma vizuri! — kaka akafoka.

— Ndivyo ilivyo, kaka. Ila hapa chini ameuliza: “Mlikuwa mnacheka nini?”

Mdogo wangu akamgeukia kaka, kidole kiko tayari juu ya simu.

— Nimjibu nini?

Kaka akaweka futi chini, akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Balozi, anayejua kila kitu. Balozi akatazama ndani ya kikombe chake.