Mashua Isiyovua Samaki

Siku niliyojaribiwa ziwani, ufukweni Rusinga walikuwepo baba mdogo, shangazi yangu, mzee wa kanisa, wadogo zangu watatu, wavuvi waliokuwa wakianika nyavu, na mwalimu wangu wa tanga, Mwislamu aliyetoka pwani. Majina siyataji, maana wengine mmeketi hapa.

Ndugu zangu, nianze nyuma kidogo. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule. Baba mdogo akaamua wadogo zangu wagawanywe: mmoja kwake, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa jamaa wa Masara. Nikaomba wanisubiri kidogo, nipate kazi ya kuwalisha.

Wakati huo nilikuwa nafulia Wazungu wa kilabu cha mashua, Homa Bay. Uhuru ulipokuja waliondoka, wakaachia chama chetu cha ushirika cha Rusinga mashua moja ndogo ya tanga. Chama kikatangaza mafunzo ya kuiendesha, ibebe mahindi kwa malipo. Nikaenda. Wavuvi walicheka, wakasema mwanamke akikanyaga mtumbwi samaki hukimbia. Mwalimu akawauliza ni lini mashua ile ilibeba hata omena mmoja.

Nawaambia, nilipinduka mara nyingi. Nilikunywa ziwa. Kamba ilinichubua viganja mpaka nikashindwa kushika ugali. Kila siku mwalimu alirudia kwamba kamba ya tanga haifungwi, hushikwa mkononi, ili iachiliwe upepo ukizidi.

Basi baba mdogo akaja kuwachukua watoto. Mzee wa kanisa akamsihi anipime kwanza.

"Nyathina, mwanangu," baba mdogo akaniambia, "ziwa halimhurumii yatima. Vuka mpaka Mbita, urudi na mzigo. Ukifika salama, watoto ni wako."

Kwenda kulikuwa kwepesi. Wakati wa kurudi, upepo ulishuka ghafla kutoka milimani, mashua ikalala ubavu. Ufukweni wavuvi wakapaza sauti nivute kamba. Mimi nikaiachilia. Tanga likapigapiga hewani, mashua ikainuka. Nikaielekeza pua kwenye upepo, nikashusha tanga, nikaketi juu ya magunia. Wao walidhani nimeshindwa. Shangazi alikwishaanza kilio cha msiba. Nami nilikuwa nangoja tu.

Upepo ulipopungua nikapandisha tanga, nikafika. Baba mdogo akaingia majini hadi kwenye mashua. Alijitwika gunia la kwanza, akalipeleka nyumbani kwetu, wadogo zangu wakimfuata nyuma.

Mambo yakikulemea, ndugu yangu, legeza. Usione haya kushusha tanga watu wakikutazama.

Namshukuru mzee wa kanisa. Namshukuru baba mdogo kwa kutimiza neno lake. Mwalimu wangu nilimpelekea kuku, akakataa. Alisema, "Nifundishie msichana mmoja, basi." Akarudi kwao pwani. Tangu hapo nimebisha hodi nyumba nyingi, na kila mama ananiambia binti yake anaogopa maji. Mama zangu mlio hapa, deni hilo bado ninalo.