Mwalimu Laurencia na Moto wa Jiko Lake

Mwalimu Laurencia Tluway alizaliwa Buger tarehe 9 Mei 1963, mtoto wa kwanza wa Mzee Tluway na Mama Cresensia. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake Silvanus, mnunuzi wa vitunguu kule Baray, mtu asiyejua kulia mbele za watu. Amekuja na jambo la kusema kabla udongo haujarudishwa.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa hapa Buger, 1971 hadi 1977, kisha sekondari Mbulu, na mwaka 1987 alihitimu ualimu Iringa. Fizikia, somo walilolikimbia wenzake, yeye alilifuata.

Alifundisha sekondari Karatu miaka thelathini na sita, hadi kustaafu mwaka 2023. Siku moja Silvanus alimtania, "Dada, hiyo atomu yenyewe haionekani, sasa mnauza nini?" Akamjibu kwa lugha ya mizani.

"Chukua gunia la kilo mia. Ligawe mafungu mawili, uyapime yote. Unapata tisini na tisa na gramu mia tisa. Gramu mia ziko wapi?"

"Mwizi yupo."

"Hakuna mwizi. Kiini cha urani kikipasuka, vipande vinakuwa vyepesi kuliko kilivyokuwa kizima. Uzito uliopungua umegeuka nishati. Gramu moja tu ya huo uzito ingechemsha bwawa zima."

"Na jua?"

"Jua linaunganisha. Haidrojeni inashikana, inakuwa heliamu. Hapo kilo mia inapungua gramu mia saba."

"Ukigawa hasara, ukiunganisha hasara! Biashara gani hiyo?"

"Vizito vinalipa vikigawanywa, vyepesi vinalipa vikiunganishwa. Chuma kiko katikati, hakilipi kokote."

Silvanus hakuwahi kusikia hasara inayowasha taa. Alikwenda zake akiwa ameshindwa, jambo lisilomtokea mara nyingi.

Tarehe 12 Oktoba 1991 marehemu alifunga ndoa Karatu na Bwana Ngoitiko, askari wa wanyamapori kutoka Ngorongoro. Wazee walinong'ona: Mwiraqw na Mmaasai, wataishi kwa lugha gani? Silvanus ndiye aliyesimamia mahari, akang'ang'ania ng'ombe mmoja zaidi mpaka bibi harusi akatoka ndani. "Wee Silvanus, funga mdomo. Mimi si gunia." Wakanunua shamba hili lililo juu ya chemchemi, wakapata Nashipai na Clemensi.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Katika hospitali ya rufaa alipigwa mionzi mara ishirini na tano, kwa mashine ya kobalti. Kobalti hiyo hupikwa kwenye tanuri la nyuklia, mle mle atomu zinamopasuliwa. Mwalimu aliyeijua kwa chaki sasa alilazwa chini yake. Alimwambia mumewe, "Nimeifundisha miaka yote. Leo nimeiogopa."

Aliporudi, hofu ilikuwa imemtangulia nyumbani. Wazee wetu walikuwa na metimani: nyumba iliyopatwa na balaa inatengwa, haiombwi moto, vyombo vyake havishirikiwi. Desturi ile ilikuwa imelala. Mionzi ikaiamsha. Hakuna aliyekuja tena kuomba kaa la moto jikoni kwake. Jirani Emilian alisimama nje ya ua, akasema kwa adabu, "Mwalimu, tusamehe. Ukizikwa hapo juu, si mionzi itashuka kwenye maji? Tuna watoto."

Alimjibu kwa upole, "Emilian, mionzi ile imepita mwilini kama mwanga kwenye dirisha. Mashine ikizimwa, kwangu haibaki kitu." Emilian aliitikia, lakini hakuingia.

Tangu siku hiyo kifo hakikumtisha tena. Alichokiogopa ni kwenda kufukiwa mbali kama sumu. Alimwambia Silvanus, "Kiini kimoja kikipasuka kinarusha nyutroni mbili tatu, nazo zinapasua vingine. Hofu ya Buger ndivyo inavyokwenda. Kwenye tanuri wanaweka fimbo za kuzinyonya, moto usiwazidi. Hapa fimbo ni nani?"

Nyumbani kwake Baray, Silvanus alikuwa ametenga kikombe cha bati, cha dada yake peke yake, kikioshwa mbali na vingine. Alidhani dada hajui. Dada akamwambia, "Na kile kikombe ukilete siku ya mazishi."

Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ngoitiko.

Leo, Septemba 22, moto unaochemsha chai pale uani umewashwa kwa makaa ya jiko lake, kama alivyoagiza. Kikombe ni hiki hapa. Silvanus amekwisha kukinywea mbele yenu, na hofu bado anayo. Emilian, uliyeshika jembe ukasimama kule kwenye ua: kaburi limechimbwa na watu wanne tu, wamechoka. Chai ipo. Mwenye kuogopa aje na hofu yake, tunywe, tumfukie mwalimu wetu kwake.

Ameacha mume, Bwana Ngoitiko, watoto wawili, Nashipai na Clemensi, wajukuu wanne, mama yake, Bibi Cresensia, na mdogo wake Silvanus.

Dada, moto wako tumeuomba. Lala kwa amani.