Bunduki Inakokiwa Mara Ngapi

Kijiwe hicho cha Mchafukoge kiko kwenye kona, mbele ya duka la vitasa ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Mbagala, na benchi lake ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali. Alasiri ikishaswaliwa, Kadiri muuza kahawa anatua birika lake hapo, na wenye kijiwe wanaingia mmoja mmoja. Kuna Haruna, fundi cherehani, anayeitwa Overloki. Kuna Aristides, Mchaga wa makava ya simu, anayeitwa Profesa kwa kuwa halipo asilolijua. Na kuna mzee Bushiri, ambaye mtaa mzima unamwita Meja, maana alikwenda vita vya Kagera na huko, kwa maneno yake mwenyewe, alishika bunduki kubwa ya rashasha, ile inayobebwa na watu watatu. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuigusa. Vita vyote alikuwa jikoni, akisonga ugali wa kombania nzima. Aliyelijua hilo ni marehemu mkewe peke yake, naye alizikwa nalo bila kumuumbua. Uongo ulianza kwa kuwachekesha watoto wa jirani, ukapewa cheo, na cheo mtu akishakizoea kukivua ni taabu.

Siku hiyo Profesa alikuja na video kwenye simu. Wanajeshi wa nchi za watu wanahangaika na bunduki kubwa juu ya pikapu, wanafungua hiki, wanavuta kile, na kabla haijalia video ikakatika.

— Oyaa, hili dude linaandaliwaje mpaka lilie? — Profesa aliuliza, na kabla hajajibiwa akajijibu. — Siku hizi ni kompyuta tu. Unaweka kidole kama kwenye simu. Ukiwa umekula kashata hujanawa, linakukataa.

— Wapi wewe! — alisema Overloki. — Hiyo cherehani hiyo. Ina miguu, ina kichwa, ina uzi. Ule mkanda wa risasi ndio uzi wenyewe. Ukikaza sana unakatika, ukilegeza unapiga mafundo. Nipeni bisibisi na dakika kumi muone.

— Utamshonea nani?

— Adui. Wahenga si walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta?

— Hiyo ya nyumba, Overloki.

— Kwani adui hana nyumba?

Kadiri, aliyekuwa akisuuza vikombe, naye hakutaka kupitwa.

— Mimi nilisikia linatiwa maji kwanza, kama gari. Mtutu ukichemka wanamwagia. Maji yakiisha, kikosi kizima kinapanga foleni kinakojolea.

— Ndo maana wanaenda wengi! — Profesa alidakia. — Penye wengi hapaharibiki neno!

Walicheka mpaka Overloki akamwaga kahawa kwenye suruali ya mteja aliyokuwa ameipakata. Kisha wote wakamgeukia mzee.

— Meja, funga mjadala. Sisi tunapiga domo tu, mwenye chombo chake upo.

Bushiri alipenda sana saa kama hiyo, na aliiogopa. Yote aliyoyajua kuhusu bunduki ile aliyaokota kwenye foleni ya chakula, vijana wakibishana huku wameshika sahani. Aliweka kikombe chini polepole.

— Sikilizeni. Kwanza miguu mitatu. Unaikanyagia ardhini hasa, ikicheza utapiga mawingu. Halafu kichwa. Halafu mtutu, unaukaza mpaka mwisho kisha unaurudisha kidogo, na hicho kidogo ndo kazi yenyewe. Halafu namba mbili, yule anayelisha mkanda, analaza risasi mahali pake, anafunga kifuniko. Halafu inakokiwa, yaani mkono wake unavutwa nyuma na kuachiwa. Mara mbili! Ya kwanza risasi inabisha hodi. Ya pili inaingia ndani.

— Na ikikokiwa mara moja?

— Umekwisha. Unafyatua, kimya. Adui anakucheka.

— Kwa hiyo bunduki inaweza kugoma yenyewe tu?

Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza. Lakini alikuwa na vikombe vitatu tumboni na nyuso tatu zimemwinukia, na mtu mwenye njaa ya kusikilizwa hashibi.

— Bunduki haigomi! Bunduki haina kosa. Ikinyamaza, we kamata namba mbili. Huyo ndiye mzembe, huyo ndiye aliyewaua wenzake. Enzi zetu namba mbili wa hivyo tulimfunga kwenye mti mpaka kuche.

Hakuna mtu aliyefungwa kwenye mti. Aliutia huo mti kama mtu anayeongeza chumvi bila kuonja.

— Shikamoo, mzee.

Wakageuka. Nyuma ya benchi alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, chupa tupu ya chai mkononi. Walimfahamu kwa sura: Hyasinta, Mama Anaeli, anayeuza ndoo na mabeseni Mtaa wa Msimbazi. Alikuwa hajawahi kusimama kwenye kijiwe hicho hata siku moja.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asante. Nimesimama hapa kitambo, nasikiliza. — Alimtazama Bushiri peke yake. — Mwanangu Anaeli ni askari. Walikwenda kulinda amani nchi ya watu. Amerudishwa mwezi uliopita. Yeye ndiye alikuwa huyo namba mbili.

Profesa alizima simu.

— Walivamiwa alfajiri, — mama aliendelea. — Bunduki yao ikanyamaza. Wenzake wawili tumewazika. Wakubwa wake hawakumlaumu, walisema vyombo huharibika. Yeye hakubali. Hali, halali. Usiku kucha ananiuliza, mama, nilikoki mara moja au mara mbili? Mimi nauza mabeseni, mzee wangu, nitajuaje? Nikasikia Mchafukoge kuna Meja aliyeishika. Nikasema nikamuulize. Ikinyamaza, ni lazima liwe kosa lake? Hakuna sababu nyingine, hata moja?

Kadiri aliyashika makaa kwa koleo, akayarudisha palepale. Bushiri alitafuta kichwani sababu nyingine, yoyote ile, akakuta hana. Hakujua bunduki huharibikaje kwa sababu hakujua hata hufanyaje kazi. Aliona aibu kubwa kuliko zote za maisha yake, na chini ya aibu hiyo akamwonea huruma kijana asiyemjua.

— Mama, — alisema. — Yale niliyosema usiyachukue. Mimi ile bunduki siijui.

— Unaijua. Nimekusikia.

— Nilikuwa mpishi. Wallahi nilikuwa mpishi! Kazi yangu ilikuwa kuchemsha maji na kusonga ugali. Sijawahi kukoki bunduki kubwa hata moja, na hakuna namba mbili niliyemfunga popote. Nimewadanganya hawa miaka yote.

Kicheko kilimponyoka Overloki, akakimeza. Hyasinta alimtazama mzee, macho yakamjaa machozi, na kwa muda mfupi Bushiri alidhani ameaminiwa.

— Asante, baba, — alisema taratibu. — Una roho nzuri. Mtu mzima kama wewe, unakubali kujishusha mpaka jikoni mbele ya wenzako, ili mradi mimi nisilie barabarani. Mungu atakulipa.

— Sijishushi, mama! Ndiyo kweli yenyewe!

— Hata paroko wetu alinificha ukweli hivyohivyo. Lakini ulishasema kabla hujaniona, baba. Mtu anachosema kabla hajakuona ndicho anachokijua. — Akajifunga kitenge upya. — Mwanangu ameniomba nisimfiche. Nimemuahidi leo nitamletea jibu, liwe zuri, liwe baya. Kwaherini.

Aliondoka na chupa yake tupu. Bushiri aliinuka, Profesa akamshika mkono kumsaidia, na alipofika ukingo wa barabara mikokoteni ilikuwa imeshafunga njia.

— Nilikuwa mpishi! — alipiga kelele. — Mama Anaeli! Mpishi!

Wabeba mizigo walicheka, mmoja akamuuliza leo kuna pilau au wali maharage. Mwanamke hakuonekana tena.

Aliporudi, Overloki alimpangusia nafasi kwenye benchi.

— Meja, we ni mtu na nusu. Mpishi! Yaani ungetukonyeza tu tungeitikia.

— Haruna, sikudanganya sasa hivi. Nilidanganya zamani.

— Tumekuelewa, Meja. Kaa.

— Anakaa wapi yule mama?

Walitazamana. Ndoo za Hyasinta zilikuwa nyumbani kwa kila mmoja wao, lakini nyumba yake hakuna aliyeijua.

— Nani anajua? — Bushiri aliuliza tena. — Anakwenda kumwambia mtoto sasa hivi kuwa kosa ni lake. Nani anajua anakaa wapi?

— Kesho asubuhi si utamkuta pale kwenye mabeseni yake, — alisema Profesa, akimsogezea kikombe. — Kunywa kwanza, Meja. Haraka haraka haina baraka.