Siku Homa Alipokosa Kisingizio

Wasikilizaji wapendwa, leo tumkumbuke mzee ambaye mabondia walimwogopa kuliko ngumi. Alikuwa kocha. Jina lake la ulingoni ni Hakimu. Tulimzika juzi.

Kwa nini Hakimu? Kwa sababu alihukumu visingizio. Bondia akishapigwa, mzee alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, akaanza kumfungua bendeji mikononi. "Haya, leo ulikuwa unaumwa nini?" Ukisema tumbo, anacheka. Ukisema mafua, anakuuliza yalianza raundi ya ngapi.

Mteja wake mkubwa alikuwa bondia mmoja, Homa. Jina linajieleza. Homa hakuwahi kushindwa akiwa mzima! Mara jino, mara mgongo, mara godoro la ugenini limemnyima usingizi.

Sasa sikilizeni. Jioni moja Homa alishindwa kwa pointi. Akaketi mbele ya ile ndoo, Hakimu akauliza swali lake. Homa akajibu taratibu, "Siumwi kitu, mzee. Kanizidi tu."

Wenzake wakampigia makofi. Leo Homa kakomaa! Hakimu hakupiga. Aliacha bendeji inaning'inia, akamshika kidevu, akamtazama machoni. "Huyu hajawahi kukosa kisingizio. Tafuteni gari!"

Homa alikasirika kwelikweli. Siku aliyoshindwa kiungwana ndiyo anayotiliwa shaka! Lakini hospitalini daktari alikuta damu inavuja ndani ya kichwa. Nasema tena, ndani ya kichwa. Akapasuliwa upesi.

Alipozinduka, Hakimu alikuwa kando ya kitanda. Homa akanong'ona, "Kichwa kinaniuma."

Mzee akacheka huku machozi yanamtoka. "Umwa, mwanangu, umwa tu! Leo nakuamini."

Homa hakupanda tena ulingoni. Sasa ana wajukuu, na bado analalamikia magodoro.

Binti wa Hakimu anasimulia: "Baba alinung'unikia magoti na chai isiyo na sukari, miaka nenda rudi. Asubuhi ya siku aliyofariki akasema haumwi popote. Nikampigia Homa."

Homa alikuja mbio, na alimkuta mzee yu hai. Yeye mwenyewe anatuambia: "Namshukuru Mungu, nilimuwahi. Nilimwambia asante. Akaniuliza, kichwa kinaendeleaje? Nikamwambia kinauma kidogo. Nilimdanganya, naye alijua. Akacheka, akanishika mkono."

Dada yetu, na familia nzima, poleni sana. Mzee wenu ameondoka akicheka.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa: yupo ndugu yako anayekuchosha kwa malalamiko kila siku. Leo akikwambia hana neno, usimpigie makofi. Nenda kamwone.