Mwoga Aliyelinda Matrekta ya Mpanda

Alhamisi ya tarehe 30 Juni, 1977, Mzee Kasimiri Katumbo, fundi mkuu wa karakana yetu ya matrekta hapa Mpanda, atarudisha funguo za makabati yake na kustaafu baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya utumishi. Katika muda wote huo hakupewa onyo hata moja, hakukosa kazini isipokuwa siku tisa alizolazwa kwa malaria, na hakuna siku aliyofanya kazi bila kuogopa.

Maneno hayo ya mwisho yameandikwa kwa makusudi. Siku ya sherehe watasimama watu kumsifu kuwa ni jasiri, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuwasifu wanaoondoka. Wasidanganye. Mzee Kasimiri ni mwoga kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika spana katika wilaya hii. Ndiyo maana tunayo Fordson matatu yenye umri wa karibu miaka thelathini yanayolima hadi leo, ilhali matrekta sita mapya tuliyoyapokea kwa ngoma na vigelegele mwaka 1972 yamelala nyuma ya ghala, nyasi zimefika kwenye usukani. Yale mapya yaliendeshwa na mashujaa, watu wasioogopa kuharibu.

Alizaliwa Kasansa mwaka 1922, katika familia ya Wapimbwe wakulima wa mpunga. Mwaka 1948 alikwenda kwa miguu hadi Urambo kutafuta kazi kwenye mashamba ya karanga ya wakoloni, akapewa kazi ya kuosha matrekta. Mradi ule ulikuja na makaratasi mengi na ukaondoka ukiacha vumbi. Wenye mradi walipofunga mizigo yao, Fordson matatu yalipakiwa kwenye behewa la wazi kuja Mpanda. Kasimiri alipanda juu ya behewa hilohilo. Alipoulizwa kwa nini asikae ndani na abiria wenzake, alisema anaogopa kamba zisije zikakatika. Kamba hazikukatika. Tangu siku hiyo hajaachana na mashine zile.

Wanaomfahamu wameona gumba lake la kulia lilivyopinda. Fordson halina betri wala swichi, huwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na injini ikirudisha nyuma huvunja gumba la mtu aliyekumbatia hendeli kwa vidole vyote. Lake lilivunjika Urambo mwaka 1949. Basi kila kijana aliyekuja kuomba kazi hapa na vyeti vyake aliambiwa kwanza ashike mpini wa jembe. Aliyeukumbatia kwa gumba alirudishwa nyumbani akafikirie. Baadhi yao leo ni wakubwa maofisini na bado wana hasira. Wahesabu magumba yao, kisha washukuru.

Asubuhi, kabla ya trekta lolote kuwashwa, yeye huchomoa kijiti cha kupimia oili, hupaka tone moja kwenye kidole na kulinusa. Tuliwahi kumcheka. Mafundi wengine wanne wamepita hapa, hodari wa kusoma vitabu vya mashine, na hakuna aliyeona haja ya kunusa. Habari ya pua hiyo itafika mbele kidogo.

Mwaka 1969 moja kati ya yale matatu, tunaloliita Bibi Urambo, liliyeyusha bushi zake za ndani na kunyamaza. Spea hakuna, pesa za kigeni hakuna. Mtani wake, Mzee Celestin, Mnyamwezi wa Majengo, alikuja na mkeka wa msiba, akautandika uani mbele ya trekta na kuanza kulia kwa sauti: "Ee Bibi wa watu! Umetoka Urambo mzima, umekuja kuuawa na Wapimbwe! Wamekuogopa mpaka umekufa!" Alikaa matanga siku tatu, akadai kuku wa wafiwa, na Kasimiri akamtoa kuku huyo, kwa kuwa mtani hanyimwi na kwa kuwa yeye mwenyewe aliamini kwamba msiba ni wa kweli. Huku mtani akila, Kasimiri alikuwa kwenye mabaki ya mgodi wa zamani akiokota madini ya risasi. Aliyayeyusha pamoja na bati la kulehemu, akamimina bushi mpya, akazikwangua kwa kisu siku nzima. Siku ya nne Bibi Urambo likawaka. Celestin alikunja mkeka wake kwa hasira. "Mmeniibia msiba nyie," akasema, na kuku hakumrudisha.

Lakini safari inayosimuliwa zaidi ni ile ya Novemba 1974. Njaa ilikuwa imeshika, watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, na vijiji vipya havina mashamba yaliyokwishafunguliwa. Wapangaji walikuwa wamepima viwanja vya nyumba wakasahau kwamba mtu hali kiwanja. Kasansa iliomba trekta. Lori la kulibeba halikuwepo, kwa hiyo Bibi Urambo liliendeshwa lenyewe, likikatiza hifadhi ya Katavi, dereva akiwa Cletus na Mzee Kasimiri amekaa juu ya bawa la tairi.

Trekta hili hutumia petroli kidogo kuwakia. Injini ikishapata moto wa kutosha ndipo dereva hugeuza koki, likaendelea kwa mafuta ya taa. Siku ile walikuwa wamebakiwa na mafuta ya taa tu. Saa sita mchana Cletus aliona kivuli kizuri, akasimamisha trekta na kuzima injini ili abane mafuta, kama wafanyavyo madereva wetu wote, kana kwamba mafuta yanayobanwa hupewa nishani. Ndipo wakaona kwamba kivuli kina wenyewe. Simba watatu walikuwa wamelala upande wa pili wa mti, hatua thelathini hivi.

Cletus alinong'ona: "Mzee, tungoje waondoke."

"Na injini ikipoa, tutawasha kwa petroli ipi?"

Yule mwoga akashuka. Akaenda mbele ya trekta, akashika hendeli bila kuikumbatia, akazungusha mara ya kwanza, mara ya pili, simba mmoja akainua kichwa, mara ya tatu injini ikaitika. Akapanda. Walipokwenda mbali kidogo alitapika. Alilima huko eka sabini na mbili. Watu wa Kasansa waliovuna mwaka uliofuata hawakujua chochote juu ya kutapika kwake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Husema kwamba siku ile alishinda woga. Hakushinda chochote. Aliogopa simba, lakini aliogopa zaidi injini ipoe. Uko woga wa mtu kuogopa kwa ajili ya nafsi yake, na uko woga wa mtu kuogopa kwa ajili ya kitu alichokabidhiwa. Nchi hii ina wingi wa woga wa kwanza, nao umevaa suti na kubeba mafaili. Woga wa pili tunao kwa uchache, na mwisho wa mwezi huu tunampeleka nyumbani mtu aliyekuwa nao kwa wingi.

Tusifiche kwamba tunaondokewa wakati mbaya. Tangu Februari mpaka na jirani yetu wa kaskazini umefungwa, na spea tulizokuwa tukizipata kwa kubahatisha sasa hatuzipati hata kwa kubahatisha. Mwezi Mei ikaja barua kutoka juu ikisema kwamba kwa kuwa fundi mkuu anastaafu, kamati itakuja kuyakagua yale matatu ili yafutwe na kuuzwa kwa uzito kama chuma chakavu. Kijiji cha Kasokola kilituma wazee watatu kuuliza kama ni kweli. Wazee wale walisimama uani wakiyatazama matrekta kama watu wanaotazama mgonjwa, kisha wakaondoka bila kuaga.

Kamati ilifika Jumatatu ya tarehe 13 Juni, saa tatu asubuhi. Bibi Urambo lilikuwa limepakwa rangi mpya ya buluu. Sharti lilikuwa rahisi. Kila trekta lilime nusu eka kwenye bonde nyuma ya karakana, mbele ya macho yao, na litakaloshindwa litafutwa palepale. Mzee Kasimiri alichomoa kijiti, akapaka tone kwenye kidole, akanusa. Akakirudisha kijiti, hendeli hakuigusa.

"Washa, ndugu fundi," akasema mwenyekiti wa kamati.

"Siwashi, ndugu mwenyekiti."

"Haliwaki au huwashi?"

"Linawaka. Naogopa kuliwasha."

Wajumbe wakacheka. Mmoja tayari alikuwa anaandika. "Miaka ishirini na sita unaogopa trekta?" akauliza mwenyekiti.

"Leo ndiyo naogopa zaidi." Kisha akatugeukia sisi wafanyakazi. "Nani ameliwasha?"

Tukatazamana. Mwishowe Cletus, dereva yuleyule, akasogea mbele. "Ni mimi, Mzee. Jumamosi. Nililizungusha uani nione rangi ilivyokaa. Petroli ilikuwa kikombe kimoja tu, likawaka, nikageuza koki papo hapo."

Kwa lugha nyepesi, alikuwa ameliua. Injini ya baridi haiwezi kuyachoma mafuta ya taa, nayo hushuka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi kama chai. Lingewaka, lingelima mistari miwili huku wakubwa wakipiga makofi, na bushi zingeyeyuka mbele yao. Cletus alilijua kosa lake tangu Jumamosi ileile jioni. Alinyamaza kwa kumwogopa mwenyekiti ambaye hata alikuwa hajafika.

Oili ilimwagwa, nayo ilitiririka kama maji. Oili ya kubadilisha ilikuwa debe moja stoo, limetengwa kwa Landrova ya wageni wa wilaya. Karani wetu wa stoo, Dada Verdiana, alitoka akilikumbatia debe hilo kifuani.

"Hiyo oili ina idhini?" akauliza mwenyekiti.

"Haina, ndugu mwenyekiti."

"Unaipeleka wapi basi?"

"Kwenye trekta. Idhini naweza kuiomba kesho. Trekta siwezi kuliomba kesho."

Aliharakisha hata oili ikamwagikia kitenge chake. Injini ilisafishwa, oili ikatiwa, ikamwagwa tena, ikatiwa nyingine. Kamati ilikaa juani kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Mara mbili mwenyekiti aliagiza gari liletwe, na mara mbili akaghairi. Mzee Kasimiri hakuharakisha hata nati moja. Saa saba na robo alimpa Cletus hendeli. Ndiyo, Cletus. Alisema mtu aliyeponea chupuchupu ana akili kuliko fundi yeyote. Likawaka kwa petroli, likaachwa lipate moto dakika kumi na tano nzima huku wajumbe wakitazama saa zao, kisha koki ikageuzwa. Likalima nusu eka. Mawili mengine yakafuata.

Kamati ilikubali kuyaacha matrekta hadi mwisho wa msimu ujao wa kilimo, kwa sharti moja. Baada ya tarehe 30 Juni awepo mfanyakazi atakayesaini kwamba yamo mikononi mwake, na likiharibika lolote yeye ndiye atakayejibu. Karatasi ikawekwa mezani. Mafundi wetu watatu, wanaume wenye sauti kubwa siku za mshahara, wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana watoto. Wakati huo wote Kasokola nzima na Kasansa nzima zilikuwa zinarudi kwenye jembe la mkono.

Verdiana akachukua kalamu. Hajasomea ufundi. Kwa miaka minane amegawa nati na gasketi na kumsikiliza Mzee akieleza kila moja inakokwenda. Aliandika jina lake taratibu, na mwandiko ukayumba kama njia ya ng'ombe.

"Unaogopa, dada?" akauliza mwenyekiti, safari hii bila kucheka.

"Naogopa sana, ndugu."

Mzee Kasimiri aliutazama mwandiko ule kwa muda mrefu. "Basi matrekta yamepata mtu," akasema, akaenda kunawa mikono.

Kwa niaba ya karakana tunamshukuru kwa miaka yote hiyo. Tunamshukuru pia Mama Marsela, mkewe, ambaye ametueleza kwamba hata kwenye misa mumewe hutega sikio kila gari likipita nje, na akisikia injini inayokohoa huanza kusali kwa bidii zaidi. Mama, umemvumilia. Sasa ni wako.

Mzee Kasimiri, rudi Kasansa ukapumzike. Mpunga wako uzae, magoti yako yapone, na wajukuu wakuchoshe vizuri. Hofu yako tumeipokea kwa maandishi. Novemba ikifika, ukisikia trekta likinguruma bondeni, usitoke nje kusikiliza. Endelea na chai yako. Lakini Novemba ikipita hujasikia kitu, tafadhali baba, njoo upesi. Utajua kwamba hapa tumekuwa mashujaa.